Balbu Nane za Sebuleni

Shangazi alikuwa na taa ya kuning'inia sebuleni, mikono minane, na kila mkono unataka balbu yake ya umbo la mshumaa. Tatu zilikuwa zimeungua. Wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa wanakuja Jumamosi, kwa hiyo akataka zote nane zibadilishwe, zifanane kama watoto wa tumbo moja.

Kazi hiyo akampa Bubu. Bubu hakuwa bubu hata kidogo. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, mwenye haya mpaka akisalimiwa anaangalia vidole vya miguu. Jina alibandikwa na binti wa shangazi siku ya kwanza, walipoambiwa watalala chumba kimoja.

"Sikiliza," shangazi alimwambia. "Ukichagua vizuri, utakaa hapa mpaka umalize shule. Ukiniharibia, unarudi kwa baba yako wa kambo. Nimechoka kufuga."

Bubu alimjua baba wa kambo. Kule shule ilikuwa haitajwi.

Akaenda dukani na balbu moja iliyoungua, kaiviringisha ndani ya soksi, ili asije akabeba zenye kitako kinene. Muuza taa, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaipokea kama anapokea kifaranga.

"Ncha unataka iliyonyooka, au hii iliyopinda kama moto wenye upepo?"

"Iliyonyooka, babu."

"Kioo?"

"Cha maziwa. Kisiumize macho."

"Umekuja umejipanga wewe! Na mwanga? Huu mweupe ni mbea, unasema kila kitu. Huu wa njano una huruma."

Akaziwasha zote mbili. Bubu akaweka mkono chini ya mweupe, akaona kila kovu. Akaweka chini ya njano, makovu yakayeyuka. Akamkumbuka shangazi, saa nzima mbele ya kioo kila asubuhi, anapaka poda juu ya madoa yaliyoachwa na krimu. Akachukua njano, nane.

Ijumaa jioni jikoni, moyo umemjaa, akamsimulia binti wa shangazi. Binti akacheka, akamwambia, "Una akili wewe."

Jumamosi saa tisa alasiri, jua kali nje, shangazi akafunga mapazia yote ili taa ionekane. Mama mkwe mtarajiwa akaingia na mdogo wake, wakainua vichwa.

"Yaani humu ndani tumekuwa wasichana!" mama mkwe akasema. "Nani kachagua?"

"Mtoto wa kaka yangu. Njoo, mwanangu."

Hajawahi kumwita mwanangu. Bubu akasogea.

"Waeleze basi kwa nini ulichukua njano," binti akasema, sauti ya asali. "Kama ulivyoniambia jana."

"Sema, usinitie aibu," shangazi akacheka.

Kwa mara ya kwanza Bubu akainua uso, akasema vizuri, kila mtu akasikia:

"Mweupe unaonyesha madoa ya mashavuni, shangazi. Huu unayaficha."

Mdogo wa mgeni akakoholea ndani ya kikombe. Mama mkwe akainama mbele, akamkagua shangazi shavu hili, kisha lile, kama anachagua nyanya.

"Eeh, kweli," akasema. "Wala nisingeyaona."

Shangazi aliendelea kutabasamu. Meno tu.

"Nilitaka upendeze, shangazi."

"Najua, mwanangu. Nenda kafungashe. Basi la saa kumi na moja bado unaliwahi."

Chumbani, Bubu alikunja gauni, akakunja khanga, akaweka madaftari juu. Binti wa shangazi akaingia, akaketi katikati ya kitanda, akanyoosha miguu mpaka upande wa pili.

"Kumbe unaongea," akasema. Akaichomoa sare ya shule kwenye mfuko. "Hii acha. Itafaa kudekia."