Kamba Iliyokazwa

Kamba ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ilitoka kwenye pete ya chuma ukutani, ikashuka kwa ulegevu hadi majini, kisha ikapanda hadi kwenye omo, pua ya mashua ya kijani. Pale ilipogusa maji ilitikisika, na kila ilipotikisika ilitawanya mikunjo midogo iliyoipasua sura ya mashua vipande vipande.

Jael alisimama kwenye ngazi za mawe chini ya nyumba za Mji wa Kale, kamera kifuani, akiitazama mikunjo hiyo kwa jicho la mwalimu anayesahihisha. Hakuwa amekuja kwa kubahatisha. Kila alipopata mapumziko alisafiri pwani, mara Vanga, mara Kilifi, mara hapa hapa kisiwani, kupiga picha za vyombo na sura zao majini. Alijua kwamba maji hutulia kwa muda mfupi tu, pale yanapokuwa yamejaa na hayajaanza kurudi. Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Saa ya maji kujaa alikuwa ameitafuta kwenye simu tangu juzi. Kazi yake, katika maabara moja huko Shimanzi, ilikuwa kupima mafuta ya kupikia yanayoshushwa melini, na mazoea ya maabara hayakumwacha hata Jumapili: kipimo kwanza, maoni baadaye.

Mlinzi wa usiku, Mzee Dzoro, alikuwa anamaliza zamu yake. Mashua zote alikwisha kuzifunga, na wenye kuziendesha hawangefika kabla ya alasiri.

"Wewe mtu wa bara," alisema akitafuta ndara zake kwa vidole vya miguu, "samaki wako chini, wewe washughulika na juu."

"Samaki hawatulii, mzee."

"Na hizo picha zenyewe sijapata kuziona. Kila siku pa, pa, pa! Niletee hata moja nimwonyeshe Kanze, ajue babake ana marafiki wenye vyeo."

"Nitakuletea."

"Haya. Mimi nakwenda kulala. Ukitumbukia, usiniite."

Alipoondoka, Jael aliisubiri kamba itulie. Haikutulia. Upande wa Nyali jua lilikuwa linapanda, na mwanga aliouamkia ulikuwa unakaribia kumponyoka. Akaweka kamera chini, akaifungua kamba kwenye pete, akaivuta mpaka ikainuka majini ikidondosha matone, akaikaza na kuifunga tena kwa uangalifu, fundo juu ya fundo. Kisha akasubiri mikunjo ife.

Ilipokufa, mashua ilikaa juu ya mashua. Kamba ilinyooka, na sura yake majini ilinyooka vilevile, zikafanya pembe kali kama ya bikari iliyofunguliwa. Pembe ile ndiyo iliyoifanya picha. Jael alijua hivyo kabla hata ya kuitazama.

Alifunga mkoba akaenda zake. Kuirudisha kamba ilivyokuwa hakukumjia hata akilini. Kwa macho yake, alikuwa ameiacha nzuri kuliko alivyoikuta.

*

Mwezi haukuisha akarudi na picha ndani ya bahasha. Alimkuta mlinzi mwingine, aliyemwambia tu aende Makadara, kwa binti wa mzee, bila maelezo. Huko, nyuma ya kibanda cha viazi karai cha Kanze, Mzee Dzoro alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, akimenya viazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lo! Kanze, njoo umwone! Ndiye huyu niliyekwambia, mpiga maji picha."

Kanze alitoka akifuta mikono kwenye leso, akamletea Jael chai bila kuulizwa. "Karibu, dada. Kiti hicho kina mguu mbovu, egemea ukuta."

"Umehama kazi, mzee?" Jael aliuliza.

"Nimehamishwa. Jumapili ile ile uliyokuja. Adhuhuri, maji yamekupwa, wameikuta mashua ya Bi Mejumaa, ile ya kijani, yaning'inia ukutani kwa omo kama mbuzi kwa mchinjaji. Nyuma imezama. Injini imekunywa maji ya chumvi, ubao wa mbele umepasuka. Kwa nini? Ati kamba imekazwa!" Alikinyoosha kisu. "Mimi, Dzoro, nikaze kamba maji yamejaa? Siku za bamvua? Hata mlevi hafanyi hivyo. Niliiacha ndefu!"

"Baba, hilo tumelimaliza."

"Wewe ndiye uliyelimaliza. Mimi bado."

Kanze alimgeukia Jael, akapunguza sauti, ingawa si kiasi cha kumfanya mzee asisikie. "Mwezi jana aliacha jiko likiwaka mpaka sufuria ikatoboka. Juzi ameniita kwa jina la marehemu mama. Jumamosi kaka yangu anakuja kumchukua, akapumzike Kaloleni. Huku mjini ataumia bure."

"Nani hajapata kusahau jiko?" Mzee aliuliza viazi vyake. "Jiko ni jiko. Kamba ni mikono yangu hii."

Jael alikuwa amekwisha kujua. Ilimjia kama yanavyokuja majibu ya maabara, bila kelele, na bila nafasi ya kubishana. Ngazi zile, pete ile, maji yaliyojaa pomoni na ambayo saa ya kurudi kwake alikuwa nayo kwenye simu yake. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini mikono yake ilitangulia. Ilitaka kitu cha kufanya, ikatoa bahasha.

Mzee alijipangusa vidole kwenye suruali, akaipokea picha kwa ncha za kucha. "Lo, imetulia! Kanze, ona..." Kidole chake kilifuata kamba kutoka omo hadi kwenye pete, kikarudi. Akaomba miwani. Akaisogeza picha karibu, akaisogeza mbali.

"Hii ni siku ile?"

"Ndiyo."

"Nilipokwisha kwenda?"

"Muda mfupi baadaye."

Yote mawili yalikuwa kweli.

"Basi nimeikaza," alisema Mzee Dzoro. "Tazama, Kanze. Imenyooka kama uzi wa fundi. Na mimi nilimwapia Bi Mejumaa mlangoni pake." Aliivua miwani, akachukua kiazi, akakigeuza, asijue aanzie wapi kukimenya. "Basi kila kitu kinawezekana."

Kanze aliuweka mkono begani kwa babake. "Ahsante, dada," alimwambia Jael. "Tangu siku ile hakutaka kukubali. Sasa atakwenda na moyo uliotulia."

Jael aliinywa chai yake mpaka mwisho, akaaga.

*

Kwa siku kadhaa alijitetea vizuri. Hakuna aliyemuuliza nani aliyekaza. Aliloulizwa alilijibu, na majibu yalikuwa sahihi. Mzee alikuwa anasahau, bintiye mwenyewe amesema; safari ya Kaloleni ingekuja tu, kamba au bila kamba. Hoja zilisimama moja moja. Zilianguka alipoziweka pamoja, kwa sababu aliwahi kuikataa ripoti ya mwenzake kazini: sampuli zote zilichotwa juu ya tangi, uchafu umelala chini. Kila tarakimu ilikuwa sahihi, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Siku ile aliirudisha bila huruma, tena mbele ya watu.

Ijumaa aliomba ruhusa, akapanda basi la Kilifi. Maji ya hori, ule mkono wa bahari uingiao barani, yalikuwa yametulia kama anavyoyapenda. Alisimama kandokando yake asubuhi nzima na hakuona mashua hata moja wala sura yake. Aliona kamba. Zilikuwa ndefu, zote. Zimelegea, zimeachiwa nafasi ya kushuka na maji na kupanda nayo, na kila moja ilikuwa kazi ya mtu aliyefikiria saa ambazo yeye mwenyewe hatakuwapo.

Alikaa chini, akawasha kamera, akarudi nyuma hadi Jumapili ile. Hakuwa na desturi ya kufuta picha mbaya. Zilikuwapo, zile za kwanza, zilizoharibika: kamba imelala majini, tumbo lake limezama.

Alifika Makadara alasiri. Begi la mzee lilikuwa limefungwa, limeegemezwa ukutani. Yeye alikuwa juu ya ndoo yake, mikono mapajani.

"Kanze," alikuwa akiuliza, "nimekwisha kula?"

"Umekula, baba. Wali na mbaazi."

Akaitikia kwa kichwa, kama anayepokea habari za mtu mwingine.

"Mzee," Jael alisema kabla hajakaribishwa, "kamba uliiacha ndefu. Mimi ndiye niliyeikaza. Iligusa maji, ikaniharibia picha." Akainama, akamwonyesha kioo cha kamera. "Hii ni ya kabla."

Mzee hakuitazama kamera. Alimtazama yeye. Aliyetazama kamera ni Kanze, kwa muda mrefu, kisha akaliweka chini karai alilokuwa ameshika.

"Ulijua ulipokuja siku ile?"

"Nilijua aliposimulia."

"Ukaendelea kunywa chai yangu?"

"Ndiyo."

"Ukaimaliza!"

"Lete," mzee alisema. Aliipokea kamera, akaikinga na jua kwa kiganja. "Ndefu," alisema. "Ndefu, kama nilivyosema." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika njiani, akavuta kitambaa cha begani akajifunika uso. Mteja aliyekuja kutaka viazi aliona, akaondoka polepole.

Alipojifunua alikuwa amekwisha kusimama. "Kanze, shati langu jeupe."

"Limo ndani ya begi, baba. Nimelipiga pasi kwa ajili ya safari."

"Litoe. Nakwenda kwa Bi Mejumaa, na huyu twende naye."

"Na jiko, baba?" Kanze aliuliza taratibu. "Na jina la mama?"

"Hayo tutayasema nikirudi."

Walitembea kuelekea Mji wa Kale, mzee mbele, Jael nyuma. Njiani Jael alijaribu kupanga maneno, na kila alipoanza alijikuta akianza na bamvua, au mwanga, au kamba yenyewe.

"Ulifunga fundo gani?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Sijui jina lake."

"Lilifunguka?"

"Halikufunguka."

"Basi ni fundo zuri." Lilipita gari la mkono lililosheheni madumu ya maji, akasubiri njia iwe wazi. "Kamba si kitu. Kamba niliikubali. Lakini baada ya hapo nikilala najiuliza mengine. Mamake Kanze alipougua, mimi ndiye niliyekuwa nikimpa vidonge. Asubuhi na jioni. Sasa nalala najiuliza: nilimpa vyote?"

Jael alifungua mdomo.

"Usijibu," alisema mzee. "Hukuwapo."

Nyumba ya Bi Mejumaa ilikuwa ya pili kutoka kona, mlango wake umepakwa rangi ya buluu hadi kwenye bawaba. Mzee Dzoro alifunga kifungo cha juu cha shati, akalivuta pindo likanyooka. Kisha akasogea kando, akauacha mlango mbele ya Jael.

"Bisha."

"Hodi!"

Juu, dirishani, sauti ya mwanamke iliuliza: "Nani?"

Jael alimgeukia mzee. Mzee alikuwa anamtazama paka upande wa pili wa kichochoro, kwa makini, kama mpita njia asiye na shughuli katika nyumba ile.

"Nani wewe?" Sauti ilikuwa imeshuka, ndara zilisikika ngazini.

"Ni Jael," alisema. Jina hilo halikuwa na maana yoyote mle ndani. Komeo likaanza kuvutwa.