Sindano Inapogusa

Kishungi cha nyasi kiling'oka bila ubishi, kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Binti alikuwa amekivuta kwa vidole viwili tu. Mizizi yake ilishika donge la udongo mweusi wa malisho, ilhali shimo kilimotoka lilikuwa la udongo wa kijivu, ule ambao matingatinga yaliumwaga juu ya kifusi cha mgodi miaka minne iliyopita.

Alikirudisha upesi, akakikandamiza.

"Nukta ya kumi na mbili," mtaalamu wa mimea alisema nyuma yake, macho kwenye daftari. "Sindano imegusa nini? Na usininong'oneze, mdogo wangu, siyo siri ya ndoa."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Walitandaza utepe wa mita hamsini kati ya vigingi viwili; kila nusu mita binti aliteremsha sindano ndefu ya chuma, akataja ilichogusa: nyasi, gugu, jiwe, udongo. Malisho ya zamani, ng'ambo ya uzio, waliyamaliza wiki iliyopita. Leo ilikuwa zamu ya ardhi ya mgodi. Katika nukta mia, nyasi zikifika sitini, lango lingefunguliwa kwa mifugo. Zikipungua, lingebaki limefungwa mwaka mzima.

Vigingi vilipigwa juzi. Jana ilikuwa mapumziko. Na jana kaka yake alirudi nyumbani kucha zimejaa tope jeusi, akala bila kumtania mtu, yeye ambaye hata msibani hakosi neno.

Sasa alisimama kwenye uzio na ng'ombe wake tisa, mbavu zao zikihesabika kwa mbali.

"Umemeza ulimi, Bibi Kimya?" alipaza sauti. "Nyasi hiyo hata mimi naiona kutoka huku!"

"Wewe chunga ng'ombe," mtaalamu alimjibu. "Ukitaka kazi, andika barua."

Binti hakucheka. Alijua wale ng'ombe hawangefika masika. Alijua pia yaliyoupata mteremko wa upande wa pili wa kifusi, uliofunguliwa kwa mifugo kabla ya wakati: kwato ziliulegeza udongo usio na mizizi, mvua moja ikauzoa wote, na maji yaliyotoka kwenye kifusi yakaua bwawa. Hadi leo hapanywi kitu pale.

Aliupa uzio mgongo.

"Udongo," alisema.

"Udongo? Mbona naona kijani?"

"Zimepandikizwa, dada. Jana. Na ya nane na ya tisa nilizosema nyasi, zifute."

Mtaalamu alitazama uzio, akamtazama binti, akakata mistari miwili daftarini. "Basi kila kijani kivute kwanza," alisema taratibu.

Kaka aliruka uzio. Alikuja mbio, fimbo mkononi, na binti akaishika sindano kwa mikono miwili asijue anajikinga au anajishikiza. Lakini kaka alimpita, karibu kabisa, akapiga magoti mbele yake kwenye utepe.

"Hii yangu," alisema, akang'oa kishungi. "Na hii." Alivisokomeza kifuani, ndani ya shati. "Angalau ng'ombe wapate kula hizi."

Wakaenda hivyo, kaka mbele, dada nyuma. Udongo. Udongo. Jiwe. Udongo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kwenye nukta ya ishirini na saba kaka aliweka mkono juu ya kishungi, akauondoa.

"Hii siyo yangu."

Binti alimchunguza usoni, aone kama ni utani au ni uongo. Alikuta jasho tu. Akainama, akakishika shinani, akavuta. Akavuta tena kwa mikono yote, hadi majani yakamkata viganja; kishungi hakikung'oka.

"Nyasi!" alisema, na ng'ombe mmoja kule uzioni akainua kichwa.

Kaka alibaki amepiga magoti, mizizi ikimdondoka shatini, akikitazama kile kishungi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mgeni.