Njia ya Chini

Ukisikia mtu anasema mgeni ni baraka, muulize kwanza ni nani aliyemtekea maji huyo mgeni. Bernadeta alikuwa na swali hilo kooni tangu mavuno, na hakuwa na pa kulitema.

Ziwa la Kasandula liko juu, katikati ya vilima viwili, na kijiji chao kilikuwa chini, kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Tabora. Kupanda ziwani kulikuwa na njia mbili. Ya chini ilizunguka kilima taratibu, kivulini mwa miyombo, na wanawake waliipita na mitungi yao tangu enzi za bibi zao. Ya juu ilikata moja kwa moja kwenye majabali. Hiyo waliipita wapagazi wa zamani, wenye kiu na haraka, na hata wao walikuwa wakiilaani.

Basi akaja Mzungu wa idara ya misitu na karani wake, akasema familia za Wazungu wa mjini, akina mama na watoto, zingependa kuja kutembea ziwani Jumapili. Akamwomba mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji, awachagulie njia. Mwanangwa huyo aliitwa Masolwa. Hakuuliza swali hata moja. Mgeni hupewa kilicho bora, alisema, na kilicho bora ni njia ya chini. Wanawake wakaamriwa kuifagia na kung'oa visiki, kisha wasiikanyage tena, wasije wakaijaza matope kabla wageni hawajafika. Maji wakateke kwa njia ya juu. Mmoja alipoguna, Masolwa aliuliza kama majabali yanauma, na wazee wenzake wakacheka.

Bernadeta hakucheka. Mkazamwana wake Katarina alikuwa na mimba kubwa, na Alois, mwana wa Bernadeta aliyemwoa, alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Naye Katarina alikuwa binti wa Masolwa huyohuyo, wa kumzaa mwenyewe.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja Katarina aliteleza jabalini, mtungi ukapasuka, akarudi nyumbani ameshika tumbo huku damu ikimtoka. Mkunga alimpapasa, akasema mtoto bado anacheza, lakini mama akianguka tena wasimwite yeye, wamwite padri. Masolwa alipopata habari alituma salamu za pole na kuku. Njia hakuitaja. Kuku, jamani, kwa damu ya mwanawe.

Ungedhani Bernadeta angemfuata amweleze ukweli wake. Lakini mkwe ni mkwe. Mtu aliyekupa binti yake humpandishii sauti; unapiga goti, unamsalimu, unameza. Bernadeta alimeza mpaka kifua kikamuuma, akabeba mtungi mwenyewe na magoti yake mabovu, na kila jabali alilolikanyaga alilipa jina la Masolwa. Mwishowe alikwenda kwa Amne.

Amne alikuwa bibi wa Kizaramo. Babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akaugua, akaachwa hapo kijijini, akapona, akaoa. Na Wazaramo na Wanyamwezi, wenyeji wa hapo, ni watani tangu siku hizo za misafara. Mtani akikusema mbele za watu, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Wewe ni mkwe, huna mdomo," Amne alimwambia. "Mimi ni mtani. Ninao wa kututosha sote wawili."

Jumapili lori lilifika. Wageni wakateremka na kofia zao na vikapu vyao, karani akawaongoza kwenye njia ya chini iliyofagiliwa kama sebule. Masolwa, ndani ya koti lake zito, aliketi kitini penye njia panda kungoja warudi apokee shukrani. Ndipo Amne akaja na mtungi mtupu, akatandika kanga miguuni pake, akalala chali na kuanza kuomboleza. Kila mtu alijua maana yake. Katika msiba wa Mnyamwezi, mtani huweza kuingia hata kaburini akalala humo mpaka agombolewe.

"Masolwa amekufa macho," alilia Amne. "Binti yake amevuja damu na yeye hakuona. Sitoki hapa mpaka nigombolewe."

Watu walicheka, na Masolwa akacheka pia kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Akaahidi mbuzi. Amne akafumba macho. Alichotaka ni mwanangwa ajitwike ule mtungi mtupu badala ya Katarina, apande njia ya juu, arudi na maji. Masolwa alitazama huku na huku, akavua koti.

Wanawake walimfuata kwa vigelegele. Bernadeta alikuwa wa mwisho, na wala hakuona raha. Alimwona akiteleza, akishika mawe kwa mikono, akihema kama mvukuto, na hasira yake ikazidi, maana sasa mtu mzima asiye na mimba alikuwa akishindwa na njia ambayo mwanawe alifukuziwa.

Wakati wa kushuka, maji yakimmwagikia shingoni, walikutana na wageni palepale jabalini. Watoto wa Kizungu walikuwa wakiruka jiwe hadi jiwe, mama zao wakicheka nyuma yao. Masolwa alimuuliza karani kwa nini wameiacha njia yao. Karani akasema hawakuipenda. Haina pa kupanda wala pa kutazamia mbali, watoto waliichoka mapema. Wazungu hawa hutembea kwa kutafuta mawe. Wakija tena watapita huku juu tu.

Masolwa aliuweka sawa mtungi kichwani. Alishuka mpaka mlangoni kwa Bernadeta, akautua. Maji yaliyobaki hayakufika nusu. Alikuwa amekauka koo, akaomba ya kunywa.

Bernadeta alichota kata, akapiga magoti yake mabovu, akampa kwa mikono miwili, kama mkwe anavyopewa. Ndani, Katarina aliguna kitandani.

"Karibu maji, mkwe," alisema. "Wageni hukuwauliza wanataka njia gani. Na sisi hukutuuliza."

Masolwa aliishika ile kata, akakaa nayo mkononi. Hakuweza kunywa.