Mgongo wa Tarizi

Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia Taisa. Alikuwa dirishani akimenya viazi, na mbele yake, ng'ambo ya tuta lake la vitunguu, uzio wa uwanja wa shule ulikuwa umejaa mafundo.

Wanawake wa kijiji cha Zaruchcha walikuwa wanautarizi uzio ule. Walichana mashuka mekundu yakawa tepe ndefu, wakazipitisha kwenye matundu ya waya, msalaba mmoja baada ya mwingine, mpaka wakatokea ndege wawili na mti katikati, kama wale wa kwenye ruchnik, taulo refu la kutarizi ambalo pale kijijini huolewi wala huzikwi bila hilo. Waliopita barabarani walisimama kupiga picha. Lakini nyumba ya Taisa ilikuwa upande wa pili, na upande wa pili ni mgongo.

Na pale kwao kazi ya mwanamke hupimwa mgongoni. Taulo hugeuzwa. Mgongo ukiwa safi kama mbele, wewe mwenyewe unaheshimiwa mpaka kaburini; ukiwa na mafundo na nyuzi zinazoning'inia, jina lako limekwisha. Kwa miaka thelathini mgeuzaji alikuwa Taisa mwenyewe, na hakuwa na huruma hata chembe. Aligeuza hata kwenye mazishi ya mama mzazi wa Alimpiya, mtarizi mwenzake. Alipita kuaga, akakunja pindo la taulo lililotandikwa juu ya jeneza, akasema kwa sauti iliyomfikia padri, "Mafundo haya!" Taulo hilo Alimpiya alilitarizi kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, huku analia. Taisa alijua amevuka mpaka. Kuomba radhi hakuomba.

Sasa Alimpiya ndiye mkuu wa kazi ya uzio. Angeweza kuzichomeka ncha za tepe ndani ya mishono, kazi ya dakika moja. Aliziacha zikining'inia urefu wa mkono mzima, zote zikitazama dirisha la Taisa.

Na Taisa hakualikwa. Hilo lilimuuma, tena lilimwokoa, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka mwaka wa tatu huu. Sindano haikukamatika tena. Walipomuuliza mbona hatarizi, aliwajibu, "Nimtarizie nani? Kijiji kizima mna macho ya ng'ombe." Wakaamini, kwa sababu ndivyo alivyo. Heri wamchukie. Siku watakapojua, wataanza kumwita maskini Taisa, na hilo asingeliweza.

Alichukua mkasi wa kunyolea kondoo, ule unaobanwa kwa kiganja kizima, akavuka tuta la vitunguu. Nia yake ilikuwa kupunguza ncha tu. Alikata ya kwanza, akakata ya pili. Ya tatu mkono ukaruka, mkasi ukala fundo lenyewe. Tepe moja ilikuwa imeshona misalaba arobaini bila kukatwa; ikalegea, akaidaka aizuie, akaivuta. Kichwa cha ndege kikaporomoka chote.

"Jamani! Anabomoa!" Raina, msichana anayefanya kazi kwenye ukumbi wa kijiji, alipiga kelele kutoka barabarani.

Wakaja mbio, sita saba, wakajipanga upande wao wa waya. Alimpiya alifika wa mwisho, mnene, jasho likimtiririka, ndoo ya tepe mkononi.

"Nilijua tu," alisema. "Wivu ulikuwa unakutafuna humo ndani, ukaona utoke na mkasi."

"Wivu wa nini? Wa matambara? Umenigeuzia uchafu wako dirishani, mchana kutwa nautazama!"

"Utazame! Si unapenda migongo wewe? Nimekuletea mgongo wa mita ishirini, ushibe."

Wanawake wakacheka. Taisa akatema mate kwenye majani.

"Wageni wa Kupalle, sikukuu yetu ya kiangazi, wanakuja Jumamosi," Alimpiya alisema. Alitumbukiza tepe mpya kwenye tundu la waya. "Kichwa cha ndege umekibomoa wewe, kishone wewe. Hapa hapa, tukuone, bingwa wetu."

Taisa aliishika ncha ile. Alilenga tundu, akagonga waya. Alilenga tena, akagonga waya. Tepe ilikuwa inacheza mkononi mwake, na kadiri alivyokaza ndivyo ilivyozidi kucheza. Kicheko kilikatika. Aliona macho yao yakishuka kwenye vidole vyake, kisha yakakwepa kwa adabu, na adabu hiyo ikamchoma.

"Shangazi Taisa," Raina alisema kwa sauti laini, sauti ya kubembelezea mtoto mwenye homa. "Kumbe unaumwa. Pole jamani. Nenda kaketi kivulini, tutashona sisi, wala usijali."

"Maskini," akanong'ona mwingine.

Taisa alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliiachia tepe.

"Kivulini nini?" Alimpiya alifoka. "Akabomoe halafu akapumzike, kwani huyu malkia? Hebu nipisheni." Aliwasukuma, akasimama uso kwa uso na Taisa, waya katikati. "Shika hiyo ncha kwa kiganja, kama mkasi wako. Mimi napenyeza, wewe unavuta. Ukilegeza, nakuvunjia hii ndoo kichwani."

"Huna ubavu huo."

"Vuta, mchawi wewe!"

Taisa alivuta, kwa kiganja kizima, kwa hasira zake zote. Msalaba ukakaa. Alimchukia Alimpiya kama alivyomchukia siku zote, na katika watu wote waliosimama pale, huyo ndiye peke yake ambaye Taisa aliweza kumtazama machoni.

"Umeupinda," Taisa alimwambia. "Toa, anza upya."