Mikeka ya Lagi Juani

Sieni alikuwa amechoka mpaka hasira zilishamwisha.

Mama yake, Lagi, ana sukari, presha, moyo uliovimba na figo zilizokufa. Mguu mmoja walishaukata. Daktari wa moyo anamnyima maji, wa sukari anamnyima magimbi, wa figo anamnyima chumvi. Mara tatu kwa wiki Sieni anampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, anarudi naye kama nguo iliyokamuliwa.

"Siendi tena," Lagi alisema Jumamosi hiyo. "Nesi kasema nikichoka niseme, atanifuata hapahapa na dawa ya maumivu. Basi nimechoka."

Sieni akampigia kaka yake Petelo, yuko Auckland, ng'ambo ya bahari.

"Unataka kumuua mama?" Petelo akafoka.

"Njoo umbebe wewe basi."

"Jumatatu anaenda kwenye mashine. Nimemaliza!" Akakata.

Sieni akaweka simu chini. Lagi akamwangalia, akaelewa.

"Haya, nianikie mikeka yangu."

Ile mikeka laini aliyojiwekea ya mazishi yake, imelala chini ya godoro miaka, inanuka ukungu. Nguvu ya kubishana Sieni angeitoa wapi? Akaitandaza yote nyasini mbele ya nyumba, akarudi ndani, akalala.

Kilichomwamsha ni nyimbo. Kwaya ya kanisa imejaa uani na nguo nyeusi, sufuria la nyama ya chumvi na kikapu cha magimbi viko mlangoni, na jirani yao Fuatino anaingia akilia.

"Pole mwanangu! Katutoka saa ngapi?"

"Nani katoka?" Lagi akauliza kitandani. "We Fuatino, unalia vibaya. Siku yenyewe ujitahidi."

Fuatino akapiga yowe, akakaa chini pu!

"Mikeka ya mazishi yote nje, tufikirie nini sisi?"

"Mfikirie ina ukungu!" Lagi akamjibu.

Watu wakacheka mpaka kwaya ikavunjika. Simu ikalia. Petelo, habari ilishavuka bahari.

"Sikumuaga, Sieni," analia kama mtoto. "Sikumuaga!"

Sieni alitamani amwache alie kidogo. Akampa mama simu.

"Petelo, mimi mzima. Hayo machozi usiyamalize. Njoo uniage nikiwa nasikia."

Petelo akapenga kamasi.

"Na Jumatatu, mama?"

"Jumatatu nipo hapa, nakula."

"Mama..."

"Kata tiketi, Petelo."

Petelo akashusha pumzi. "Nakuja. Jumatatu... kaa nyumbani."

Sieni akamkatia mama kipande cha nyama chenye mafuta. Lagi akatafuna polepole.

"Haijaiva," akasema, akaomba kingine.

Nje mvua ikaanza kudondoka. Sieni hakuinuka. Fuatino na kwaya yake ndio waliokimbilia mikeka.