Saa za Ziada za Wanawake Arobaini

Tangu saa tatu asubuhi Akoth alikuwa amesimama mbele ya meza, na Kapteni Jafar hakumwambia aketi. Alikuwa anakula kuku. Alimla taratibu, akitupa mifupa kwenye kikapu cha karatasi, na ukutani nyuma yake palibaki alama nyeupe ya mraba, mahali ilipotundikwa picha ya Mhindi aliyekijenga kiwanda.

Kapteni alikipata kwa karatasi moja ya serikali, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini. Hakujua hata uzi unapitia wapi. Mwezi wa kwanza aliuza mikanda ya mashine, ikakatwa soli za ndara. Lakini zilipotakiwa sare elfu tatu za mkutano wa marais wa Afrika, aliwafungia wanawake arobaini ndani kila siku mpaka usiku, wiki tisa mfululizo. Akoth alinyimwa likizo hata mama yake alipofariki Kisumu. Marais walipoondoka, wanawake nao wakaambiwa waondoke.

"Wewe mama nataka nini?"

"Malipo ya saa za ziada, Afande. Na likizo ya miaka miwili. Si yangu peke yangu. Wenzangu wananingoja getini."

"Likizo?" Kapteni alichokonoa meno. "Tangu mwezi wa nane nyinyi nakaa nyumbani, nalala. Hiyo si likizo? Nani nawapa? Mimi."

Akoth aliweka daftari la zamu mezani. "Saa zote zimo. Bwana Masinde ndiye aliyeziandika."

Masinde, karani, alikuwa dirishani na taipureta yake. Kapteni alimnyooshea kidole chenye mafuta.

"Masinde, hii kitabu unajua?"

"Sijawahi kuiona, Afande."

Alijibu upesi mno, kama mtoto anayekimbilia sifa. Akoth alimtazama, kisha akaacha, kama mtu aachavyo kutazama kohozi njiani.

Kapteni alipangusa vidole kwenye ukurasa wa daftari. "Gari yangu nakwenda kambi ya Makindye sasa hivi. Nafasi iko. Kule iko watu wa kuhesabu saa yako vizuri. Ama weka sahihi."

Ojara, fundi wa mashine, alipanda gari hilo mwezi wa pili, baada ya kuuliza mshahara wake. Mkewe bado anazunguka hospitalini na picha yake.

Masinde alileta karatasi aliyokuwa ameipiga chapa tangu asubuhi: *Mimi, kwa niaba ya wenzangu, nimepokea malipo yote.* Akoth aliisoma mara mbili. Akatia sahihi. Herufi zilinyooka, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

"Na asante?"

"Asante, Afande."

Kapteni aliamuru angoje koridoni nusu saa. Alipofika getini, nakala ya karatasi ile ilikuwa imekwisha kubandikwa, na Zubaida, aliyeshona kando yake miaka sita, alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti.

"Umepokea yote?" Zubaida aliuliza.

"Sikupokea kitu. Wamenilazimisha."

"Sahihi si yako?"

"Ni yangu."

Mkono mmoja ulidaka mkoba wake. Mwingine ukauvuta, kamba ikakatika. Zikaanguka leso, ufunguo, kipande cha muhogo. Hawakutosheka. Waliutafuta mshono wa bitana wakaufumua uzi kwa uzi, kwa ustadi, maana ndiyo kazi waliyoijua.

Ghorofani dirisha lilifunguliwa. Kapteni alimwita Masinde aje atazame.

"Vua viatu," Zubaida alisema.