Pacha Aliyebaki Tanurini

Shuleni kwetu kila mtoto aliijua sheria: afikaye wa mwisho katika mbio za Ijumaa hufyeka uwanja peke yake. Safari hii wa mwisho alikuwa pacha mdogo, akikohoa hata macho yakamtoka.

Mama yake, mchomaji wa matofali, alimwendea mwalimu mkuu.

"Msamehe, mwalimu. Kifua chake ni kibovu. Nilimlea mgongoni, mbele ya tanuri, tangu yu mchanga."

"Mbona pacha mwenziwe ameshinda?"

"Maziwa hayakuwatosha wawili. Yule nikampa dada yangu, akamlee kule mlimani. Huyu nilimpenda zaidi, nikabaki naye."

Dada mtu, aliyekuja kumshangilia mshindi, akacheka. "Ulimpenda, mdogo wangu, ukamkausha kwa moshi kama samaki."

"Sheria ni msumeno, mama," mwalimu akasema.

Mtoto akapewa fyekeo. Alifyeka kidogo, kisha akaketi chini, pumzi ikimlia kifuani kama filimbi. Mama akalitwaa fyekeo, akainama, akaumaliza uwanja wote mbele ya watu, huku dada yake akimwonyesha kwa kidole majani aliyoyaruka.